Deni la Mtu Mwingine Katika Simu Yako



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Mwezi wa Shaabani uliopita tulialikwa na ndugu zetu wa Kitui kuwasomeshea kina mama darsa za maandalizi ya Ramadhani. Katika kurudi tulifuata barabara ya Mutomo, tukalala Kibwezi katika Kaunti ya Makueni, kisha tukateremka Mombasa. Tulitarajia kuulizwa yale yanayoulizwa kila mwaka: saumu ya mja mzito, kulipa siku zilizopita, zaka ya dhahabu inayovaliwa. Maswali hayo tuliulizwa. Lakini swali lililotukalia moyoni safari nzima lilihusu simu.

Darsa ya siku ya pili ilipokwisha, mama mmoja kijana alibaki nyuma mpaka wenzake wakatoka. Akasema, "Sheikh, nina mtihani, na sijui nimwambie nani." Mwezi wa Rajabu simu yake ilipotea. Mumewe alimpa fedha akanunua nyingine pamoja na laini mpya. Hazikupita wiki mbili, akaanza kupigiwa na watu wasiomjua, wakimtaka mwanamume fulani ambaye jina lake hajapata kulisikia. Akiwaambia wamekosea namba, humjibu, "Usitufiche mumeo. Mwambie alipe." Kisha usiku mmoja, saa tatu, ukaingia ujumbe wenye jina la mwanamume yule na maneno kwamba yeye na "mpenzi wake" watakiona cha mtema kuni. Aliyeusoma ujumbe ule ni mumewe.

Mume huyo ni dereva wa lori la ndengu. Hakumpiga wala hakumtukana. Alichukua nguo zake akahamia kwa dada yake, na siku ile tulipoelezwa ilikuwa ya 11. "Sheikh," alisema mama yule, "mimi sijakopa hata shilingi. Lakini nitajitetea vipi, na jina la mwanamume limo ndani ya simu yangu?"

Tulimwomba imamu wa pale amwite mume. Alikuja baada ya Isha, akaketi mbali na mkewe. Tulikuwa bado tunatafuta maneno ya kuanzia, mara simu ikalia, na namba ilikuwa ni ya wale wale. Tukaomba ruhusa, tukaipokea sisi, tukawasha sauti ili wote wasikie. Tukamuuliza aliyepiga: unatoka kampuni gani, unamtafuta nani, na mkopo huo ulichukuliwa lini? Alisita, kisha akataja tarehe. Mkopo ulichukuliwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya laini ile kununuliwa. Mume akainamisha kichwa. Fedha za kununulia laini zilitoka mfukoni mwake mwenyewe, na siku aliyozitoa anaijua.

Makosa haya hutokea vipi

Watu wa Kitui na watu wa pwani ni jamaa wa zamani katika biashara. Katika karne ya 19 Wakamba walileta pembe za ndovu mpaka Mombasa, na misafara ya pwani nayo ilipanda kwao. Pale Makueni upo mpaka leo mji wa Sultan Hamud, uliobeba jina la Sultani wa Unguja. Katika biashara ile deni lilikuwa na uso. Mdai alimjua mdaiwa, alimjua baba yake, na akija kudai alibisha hodi mlangoni. Hata daftari la duka la mtaani lilikuwa hivyo: mwenye duka hawezi kumdai Mwanaisha deni la Mwanajuma, kwani wote wawili anawaona kila asubuhi.

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, na mikopo ya simu ikafuata, deni limepoteza uso wake likabaki na namba. Na namba hupotea njia kwa sababu nyingi.

Ya kwanza ni iliyomkuta mama wa Kitui. Laini isiyotumika kwa muda mrefu huchukuliwa na kampuni ya simu na kuuzwa upya kwa mtu mwingine. Mkopaji ameondoka, namba yake imekuja kwako, na daftari la mdai halina habari.

Ya pili ni kuandikwa bila kuulizwa. Baadhi ya wakopeshaji humtaka mkopaji ataje namba za jamaa au marafiki. Yeye huandika ya mama yake, ya shangazi yake, au ya mwalimu wa madrasa, na hawaambii. Akichelewa kulipa, wanaopigiwa ni wao.

Ya tatu ni programu za mikopo ambazo, mara tu zinapowekwa kwenye simu, huomba ruhusa ya kusoma orodha nzima ya majina. Mkopaji hubonyeza "kubali" kwa haraka ya kupata fedha, na kwa kubonyeza huko amewatoa watu mia mbili ambao hakuwauliza.

Ya nne ni makosa ya kawaida: tarakimu moja imeandikwa vibaya, au watu wawili wana jina moja. Na ya tano ni wezi. Hao hawadai deni lolote. Hukutisha tu kwamba unadaiwa, wakakupa namba ya kutuma fedha, wakitegemea hofu yako.

Sheria yetu yasemaje

Kina mama wengi hudhani kwamba jambo hili ni la kidunia tupu na dini haina la kusema ndani yake. Sivyo. Wanavyuoni wa fiqhi wana kanuni mashuhuri kwamba asili ya kila mtu ni kuwa dhima yake iko safi. Hahesabiwi kuwa na deni mpaka lithibiti. Na Mtume, rehema na amani zimfikie, ametufundisha kwamba ushahidi ni juu ya anayedai. Kwa hiyo mtu akikupigia kusema unadaiwa, si wewe unayepaswa kutoa ushahidi wa kutokudaiwa. Ni yeye aoneshe.

Qur'ani imekariri katika sura kadhaa, mojawapo ni Suratul An'aam aya ya 164, maana kwamba nafsi haibebeshwi mzigo wa nafsi nyingine. Aya hiyo inazungumzia dhambi na hesabu ya Akhera, lakini maana yake inatufunza uadilifu wa hapa duniani pia. Deni la mume si deni la mke. Mwanamke wa Kiislamu ana mali yake na dhima yake mwenyewe, na hakuna anayeweza kumwambia, "Mumeo amekopa, kwa hivyo wewe lipa," ila yeye akipenda kumsaidia kwa hiari yake.

Na udhamini je? Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, ridhaa ya mdhamini ni sharti la kusihi kwa dhamana. Mnakumbuka kisa cha maiti aliyeletwa kuswaliwa, Mtume akauliza kama ana deni, akaambiwa ndiyo, akajizuia kumswalia mpaka Abu Qatada alipojitolea kulibeba. Abu Qatada alisimama mwenyewe akasema kwa ulimi wake. Hakuandikwa na mtu akiwa nyumbani amelala. Basi ambaye jina lake limeandikwa bila idhini yake si mdhamini kisheria.

Lipo na suala la wajane, ambalo tuliulizwa mara mbili katika safari ile. Mume amefariki, na simu yake iliyobaki kwa mke inalia kila siku. Hapa lazima tupambanue. Deni la maiti likithibiti ni haki, na hulipwa katika mali aliyoiacha kabla mirathi haijagawanywa, kama inavyofahamika katika Suratun Nisaa aya ya 11 na ya 12. Lakini hulipwa kutoka katika mali yake yeye. Mjane halazimiki kuuza cherehani yake au mbuzi wake mwenyewe. Amwombe mdai alete maelezo ya deni kwa maandishi, ayafikishe kwa warithi na kwa kadhi, na asilipe chochote kwa simu.

Mama wa Kibwezi

Kule Kibwezi tulifikia nyumba moja na mama wa makamo anayeuza mahamri na chai karibu na barabara kuu. Mpwa wake alimwandika katika mkopo bila kumwambia. Mama alipigiwa mara nne kwa siku, hata wakati wa Adhuhuri simu ikilia juu ya mswala. Mwishowe alituma shilingi 2,500 alizokuwa ameweka kwa karo ya mtoto. "Nilitaka amani tu," alituambia.

Amani haikuja. Wiki iliyofuata walimpigia tena wakimwambia bado kuna salio pamoja na ziada. Kwa kutuma mara moja alikuwa ameingia katika daftari lao kama mtu anayelipa. Mpwa naye, alipopata habari kwamba shangazi analipa, alinyamaza kimya.

Tulimweleza kwamba kumlipia mwenye dhiki ni ihsani kubwa, na malipo yake yako kwa Mola. Lakini ihsani hutoka katika moyo uliokunjuka. Fedha inayotoka kwa hofu haimsaidii mkopaji kujirekebisha, wala haimwachi mtoaji na furaha ya sadaka. Wahenga wamesema dawa ya deni ni kulipa, na hatukupata kusikia kwamba dawa hiyo hunywewa na asiye mgonjwa.

Sheria ya nchi inakulinda

Ni vizuri mjue kwamba Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Msingi wake ni kifungu cha 31 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya faragha. Kwa sheria hiyo, namba yako ya simu na jina lako ni taarifa zako. Una haki ya kujua nani anazitumia na kwa kazi gani, haki ya kupinga zisitumiwe, na haki ya kutaka taarifa za uongo zisahihishwe au zifutwe.

Mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya nayo ilitoa kanuni kwa wakopeshaji wa kidijitali. Kanuni hizo zinawakataza kutisha, kutukana, kumwaibisha mkopaji hadharani, na kuingia katika orodha ya majina ya simu yake ili kuwatumia watu ujumbe pindi anapochelewa kulipa. Aliyemwandikia mama wa Kitui maneno yale ya usiku alikwenda kinyume na makatazo hayo.

Na sheria hii si ya makaratasi tu. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya Mulla Pride, iliyokuwa ikiendesha programu za mikopo za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000. Kosa lilikuwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine, na kuwasumbua wenye namba hizo kwa simu na ujumbe wa vitisho. Waliolalamika walikuwa raia wa kawaida kama wewe.

Ufanye nini simu ikilia

Kwanza, tulia. Hapa tuna la kukiri. Mwaka juzi sisi wenyewe tulipigiwa simu ya namna hii katikati ya somo, mbele ya wanafunzi, tukaambiwa tunadaiwa na kampuni tusiyoijua. Tulipandwa na hasira, tukamrushia maneno makali kijana wa watu aliyepiga. Alinyamaza, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Samahani, mzee. Mimi nimepewa orodha tu." Tulibaki na haya mpaka usiku. Tulikuwa na haki, nasi tukaipoteza kwa ulimi. Mtume mwenyewe alipodaiwa kwa ukali na masahaba wakataka kumkabili mdai, aliwazuia, akawaambia kwamba mwenye haki ana nafasi ya kusema, kisha akaamuru alipwe mnyama bora kuliko wake. Ikiwa hiyo ndiyo adabu ya anayedaiwa kweli, sisi tusiodaiwa hatukosi maneno mema.

Pili, uliza wewe kabla hujajibu: jina lako nani, kampuni gani, unamtafuta nani? Usitaje jina lako kamili, wala namba ya kitambulisho, wala tarehe ya kuzaliwa, na namba ya siri usimpe mtu yeyote kabisa. Wezi hutafuta hayo.

Tatu, sema mara moja, kwa maneno mafupi: "Namba hii ni yangu. Mtu huyo si mimi. Sikudhamini mkopo wowote. Iondoeni namba yangu katika kumbukumbu zenu." Kisha yaandike maneno hayo hayo kwa ujumbe uwatumie, ili pawe na ushahidi wa tarehe. Haya yanafuata roho ya aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyotuamrisha kuandikiana madeni. Ikiwa deni huandikwa, na kulikanusha pia kuandikwe.

Nne, weka kumbukumbu. Usifute ujumbe wa matusi hata ukikuchefua. Piga picha ya skrini, andika siku, saa na namba iliyopiga.

Tano, usitume fedha, hata kidogo, hata "kwa ajili ya kufunga faili."

Sita, usiwe mpelelezi wao. Wakikuuliza anakaa wapi, anafanya kazi wapi, ana mke mwingine wapi, sema hujui au huna ruhusa. Ikiwa mdaiwa unamjua, mfikishie habari faraghani na umnasihi alipe. Kusitiri aibu ya Mwislamu ni jambo moja, na kumsaidia kukwepa haki ya watu ni jambo jingine. Tusichanganye.

Saba, hakikisha jina lako halikuchafuliwa. Mwananchi ana haki ya kupata ripoti yake ya mikopo bila malipo mara moja kwa mwaka kutoka mashirika ya CRB, na akikuta deni lisilo lake anaweza kulipinga. Na kwa wenye laini za Safaricom, ukibonyeza *106# utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, huenda mtu anakopa kwa jina lako.

Nane, wasipokoma, lalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa tovuti ya ofisi hiyo au kwa kufika. Sheria inaruhusu malalamiko ya mdomo, nao wajibu wao ni kuyaandika. Kwa hiyo bibi asiyejua kusoma asijione hana mlango. Malalamiko yanapaswa kuchunguzwa na kumalizwa katika siku 90.

Neno kwa kila mmoja

Kwa waume: Suratul Hujuraat aya ya 12 imetukataza dhana mbaya na upelelezi, na aya ya sita imetutaka kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Ujumbe wa mtu usiyemjua si shahidi wa kumvunjia heshima mkeo. Muulize kwanza, kwa sauti ya kawaida, mkiwa wawili.

Kwa wake: usifiche simu hizi kwa kuogopa. Siku ya kwanza ukipigiwa kwa makosa, mwambie mumeo siku hiyo hiyo. Kilichomponza mama wa Kitui ni wiki mbili za kunyamaza, ingawa alinyamaza kwa nia njema.

Kwa wanaokopa: msiandike namba ya mtu bila idhini yake, hiyo ni dhulma. Ukibadilisha laini mjulishe mdai wako. Na tufikirie mara mbili kabla ya kugusa mikopo hii, kwani mingi imejaa riba, na kukopa harusi, kulipa matanga.

Kwa vijana wetu walioajiriwa kudai madeni: kudai haki si haramu, na Qur'ani imewataka wadai kumpa muhula mwenye dhiki. Lakini hakikisheni mnazungumza na nani kabla ya kutamka neno. Orodha mliyopewa haitasimama mbele ya Mwenyezi Mungu badala yenu.

Juzi mume wa Kitui alitupigia akiwa Mombasa anashusha mzigo. Amerudi nyumbani kwake tangu usiku ule ule. Simu zilikoma, kisha wiki iliyopita ikalia moja tena. Safari hii mkewe aliipokea mbele yake, akasema maneno yake manne kama tulivyomfundisha, akaandika saa katika daftari la watoto, akaendelea kusonga ugali.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azisafishe dhima zetu, awalipie wenye madeni miongoni mwetu, na azihifadhi nyumba zetu na fitina iliyo dhahiri na iliyofichika. Wabillahi tawfiq.